Kulitazama pafu lililo kwenye mashine: mwongozo kamili wa kuchunguza jeraha la mapafu kwa picha

Mwaka 1974 Webb na Tierney waliwapumulisha panya kwa shinikizo la sentimita 45 za maji bila kubakiza shinikizo lolote mapafuni mwishoni mwa pumzi. Ndani ya saa moja mapafu yalikuwa yamejaa maji. Panya wengine walipewa kilele kilekile cha 45, lakini wakabakiziwa sentimita 10 kila pumzi ilipotoka, na vifuko vyao vya hewa havikujaa. Mwaka 1988 Dreyfuss na wenzake huko Ufaransa walivifunga vifua vya panya ili visitanuke, kisha wakatumia shinikizo kubwa. Mapafu hayo yaliumia kidogo kuliko yale yaliyoachwa yatanuke. Kinachojeruhi, basi, ni kiasi ambacho tishu ya pafu imevutwa, na pia kule kufungwa na kufunguliwa kwake tena na tena.

Ugumu ni kwamba mashine ya kupumulia inakuonyesha namba moja ya shinikizo na namba moja ya ujazo kwa mapafu yote mawili, ilhali pafu gonjwa halifanani mahali pote. Kwa miaka mingi eksirei za kifua ziliwafanya madaktari waamini kwamba ARDS, yaani kushindwa kwa ghafla kwa mapafu kulikoelezwa mara ya kwanza mwaka 1967 kwa wagonjwa 12, huenea sawasawa. Katika miaka ya 1980 Luciano Gattinoni na wenzake huko Milano waliwapitisha wagonjwa hao kwenye siti skani (CT), yaani eksirei inayokata mwili vipande vipande, wakakuta mgongoni pafu limekuwa zito na halina hewa, na mbele limebaki jema. Sehemu hiyo njema ilikuwa ndogo kiasi cha pafu la mtoto, ndiyo maana wakaiita hivyo. Sasa fikiria ujazo wa pumzi ya mtu mzima ukisukumwa wote ndani ya pafu la mtoto.

Kazi ya picha ni kukuonyesha pumzi inakwenda wapi. Inaweza kufanya hivyo kwa sharti moja ambalo nitalirudia mpaka mwisho: kila picha iandikwe pamoja na shinikizo lililokuwa pafuni wakati inapigwa. Picha ya pafu kwenye PEEP 5 na picha ya pafu hilohilo kwenye PEEP 15 zinaweza kuonekana kama za wagonjwa wawili tofauti. PEEP ni lile shinikizo linalobaki mapafuni mwishoni mwa kutoa hewa.

Nimewaandikia wenzangu wa chumba cha wagonjwa mahututi, yaani madaktari, wauguzi na matabibu, pamoja na wataalamu wa mionzi na wanafunzi wa uzamili wanaotaka kufanya utafiti wa jambo hili kwa vifaa walivyo navyo.

Hatua ya 1: Amua unatafuta jeraha gani

Usianze na kifaa. Anza na swali, kwa sababu kila kifaa kina jambo kisiloliona.

Ukitaka kujua kama sehemu ya mbele ya pafu inatanuka kupita kiasi, unahitaji siti skani au EIT, yaani mkanda wa kifuani unaochora mwendo wa hewa kwa umeme mdogo. Ultrasaundi haitakuambia. Ukitaka kujua ni kiasi gani cha pafu kimepoteza hewa, na kama kinairudisha, ultrasaundi inatosha na ndiyo iliyo karibu. Ukitaka kujua kama kuna sehemu zinazofunga na kufunguka kila pumzi, lazima upige picha mara mbili, mwisho wa kuvuta na mwisho wa kutoa. Ukitafuta uchochezi wenyewe, yaani mwitikio wa mwili unaovimbisha tishu, huo hauonekani kwa mojawapo ya vifaa hivi, na nitaugusa kwa kifupi nikifika kwenye maabara.

Lipo pia jeraha la mpakani. Mwaka 1970 Mead, Takishima na Leith walipiga hesabu na kuonyesha kwamba pale tishu iliyofunguka inapopakana na iliyosinyaa, shinikizo la sentimita 30 linaweza kuwa na nguvu ya kuvuta inayolingana na takriban sentimita 140. Kwa hiyo unapotazama picha, usihesabu tu ukubwa wa maeneo yaliyofungwa. Angalia pia yametawanyika vipi. Madoa mengi madogo yana mipaka mingi kuliko donge moja kubwa.

Hatua ya 2: Andika namba za mashine kabla hujapaka jeli

Chukua karatasi moja kwa kila kipimo, uandike saa, mkao wa mgonjwa na pembe ya kitanda, aina ya upumulishaji, ujazo wa pumzi, PEEP, shinikizo la plato, kiwango cha oksijeni anayovuta, SpO2 (oksijeni ya damu inayosomwa kidoleni), na kama mgonjwa anavuta hewa mwenyewe au amelegezwa misuli. Ongeza mizani ya maji ya saa 24, maana lita mbili za dripu hubadilisha picha ya ultrasaundi hata kama mashine haijaguswa.

Shinikizo la plato lipime kwa kuisimamisha hewa mwishoni mwa kuvuta, mgonjwa akiwa ametulia. Akiwa anapambana na mashine, namba utakayopata haina maana. Ukitoa PEEP kwenye plato unapata shinikizo la msukumo. Utaliona tena kwenye hatua ya 5.

Ujazo wa pumzi uhesabu kwa uzito unaotokana na urefu, usitumie uzito wa kwenye mizani. Kwa mwanamume ni 50 kujumlisha 0.91 mara urefu wa sentimita uliotolewa 152.4. Kwa mwanamke anza na 45.5. Mwanamume wa sentimita 170 anapata kilo 66, na mililita 6 kwa kilo ni mililita 396 hivi. Namba hiyo ya 6 ilitoka kwenye jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2000 kwa wagonjwa 861: waliopewa mililita 6 walikufa asilimia 31.0, na waliopewa 12 walikufa asilimia 39.8. Mgonjwa ambaye hajapimwa urefu hana ujazo salama. Chukua futi kamba umpime akiwa amelala.

Kuna jambo la oksijeni linalotuhusu sana sisi wa ukanda huu. Maelezo ya ARDS ya Berlin ya mwaka 2012 yalidai PEEP isiyopungua 5, damu ya ateri, na eksirei au siti skani. Katika Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kigali, CHUK, watafiti wa Rwanda na wenzao waliwachunguza watu wazima 1,046 na kuonyesha matokeo ya kushikilia masharti hayo: hakuna hata mmoja aliyehesabika. Walipotumia uwiano wa SpO2 kwa oksijeni usiozidi 315, wakakubali ultrasaundi badala ya eksirei na kuondoa sharti la PEEP, wagonjwa 42 walikuwa na ARDS, na nusu yao walifariki hospitalini. Chini ya theluthi moja walikuwa wamefika ICU. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2016, na maelezo mapya ya kimataifa yaliyotolewa baadaye yameukubali uwiano huo na ultrasaundi. Najivunia kwamba njia hiyo ilitokea Kigali.

Uwiano wenyewe ni rahisi: SpO2 ya 92 kwa oksijeni ya 0.4 ni 230. Sharti ni SpO2 isizidi 97, kwa sababu juu ya hapo kipimo cha kidoleni hakitofautishi tena. Kumbuka pia kwamba kipimo hicho huwa kinapandisha namba kwa watu wenye ngozi nyeusi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 ulikuta kwamba kati ya waliosomeka 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 kwa asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi na asilimia 3.6 ya weupe. Kama una mashine ya gesi za damu, itumie.

Hatua ya 3: Eksirei, kwa haraka

Eksirei ya kitandani ni ya kuangalia mrija wa hewa umefika wapi, mrija wa mshipa mkuu umekaa wapi, na kama kuna hewa nje ya pafu. Kwa kupima jeraha la mashine ni dhaifu. Ukiongeza PEEP, filamu inaweza kuwa nyeusi zaidi kwa sababu pafu jema limetanuka, wala si kwa sababu gonjwa limefunguka. Usilinganishe filamu mbili zilizopigwa kwenye PEEP tofauti.

Hatua ya 4: Ultrasaundi, eneo kwa eneo

Hapa ndipo wengi wetu tutafanya kazi, kwa hiyo nitakaa.

Probu, yaani kichwa cha kifaa kinachogusa ngozi, ikiwa ya duara na ya megahezi 2 hadi 5 inafaa kwa watu wazima wengi. Ile bapa ya masafa ya juu inaonyesha vizuri mstari wa utando wa pafu lakini haifiki ndani. Zima vichujio vinavyolainisha picha, kwa sababu vinafuta ileile mistari unayoitafuta. Weka fokasi kwenye mstari wa utando. Kisha chagua kina kimoja, tuseme sentimita 10, na ukishikilie kwa wagonjwa wote wa utafiti wako. Probu ifutwe kwa dawa iliyoidhinishwa na mtengenezaji kabla na baada ya kila mgonjwa. Spiriti ya kawaida huharibu uso wa probu nyingi.

Gawa kila upande wa kifua katika maeneo sita. Mstari wa kwapa la mbele na mstari wa kwapa la nyuma vinakupa mbele, ubavuni na mgongoni, na kila moja ligawe juu na chini. Jumla ni 12. Maeneo ya mgongoni ndiyo watu huyaruka, na ndiyo yenye habari nyingi kuliko yote kwa mgonjwa aliyelala chali. Omba muuguzi mmoja akusaidie kumwinua bega kidogo, mwingine ashike mrija. Kama mgonjwa hawezi kuguswa, andika wazi kwamba eneo halikupimwa. Usiweke sifuri.

Anza na probu ikiwa wima, uone mbavu mbili na mstari mweupe wa utando kati yake. Ukishaupata, zungusha probu ilale sambamba na nafasi kati ya mbavu, ili vivuli vya mifupa viondoke na uone utando mrefu zaidi. Rekodi video ya sekunde 6 au zaidi, ipite angalau pumzi moja nzima.

Alama ni hizi. Sifuri: utando unateleza, mistari A (mwangwi wa utando unaojirudia chini yake) imelala sambamba, na mistari B (miale myeupe inayoshuka wima kutoka kwenye utando) haizidi miwili. Moja: mistari B mitatu au zaidi, lakini imeachana na haijajaza zaidi ya nusu ya utando. Mbili: mistari B imeungana na kujaza zaidi ya nusu. Tatu: pafu limekuwa zito mfano wa ini, huenda kukawa na michirizi myeupe ya hewa ndani yake. Katika eneo moja chukua hali mbaya kuliko zote uliyoiona. Jumla ni kati ya 0 na 36.

Kigezo cha nusu ya utando kimesaidia sana. Zamani tulibishana kama mistari imeungana au haijaungana, na wasomaji wawili wangeweza kutoa alama tofauti kwa video moja. Sasa unapima urefu.

Mistari B haikuambii chanzo. Maji ya moyo, nimonia na ARDS vyote huileta. Ukiona utando umekwaruzika, una madonge madogo chini yake, na baadhi ya maeneo ya mbele yamesalimika kabisa, fikiria ARDS. Ukiona utando laini, mistari imeenea sawa pande zote mbili na moyo unapiga vibaya, angalia moyo kwanza.

Utelezi ukikosekana upande wa kushoto lakini utando unatikisika kwa mapigo ya moyo, pafu hilo halipati hewa, na mara nyingi mrija umeingia bronkasi ya kulia. Sikiliza kifua, soma alama ya mrija mdomoni, uurudishe. Utelezi ukikosekana, hakuna mtikisiko wowote, hakuna mistari B, na ukasogeza probu mpaka ukapata mahali ambapo utelezi unatokea na kupotea kwa zamu, hapo hewa imevujia nje ya pafu. Presha ikiwa inashuka, acha utafiti, ita msaada na utoe hewa hiyo. Video itasubiri.

Kuna alama mbili za kukumbuka unapofikiria kumtoa mgonjwa kwenye mashine. Soummer na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba jumla iliyo chini ya 13 mwishoni mwa jaribio la kupumua mwenyewe iliendana na kufanikiwa, na iliyozidi 17 iliendana na kushindwa baada ya mrija kutolewa. Katikati hapo utatumia akili na mgonjwa mwenyewe.

Hatua ya 5: Pima kufunguka kwa pafu unapobadilisha PEEP

Piga maeneo yote 12 kwenye PEEP ya chini, tuseme 5. Panda hadi kiwango cha pili, tuseme 10 au 12, subiri dakika 15 hivi, urudie maeneo yaleyale kwa probu na kina kilekile. Kila eneo liandikie mabadiliko. Kutoka 3 kwenda 1 ni kufunguka kukubwa, na kutoka 1 kwenda 2 ni kupoteza. Mahali pa kuweka probu pawekewe alama ya kalamu ngozini, la sivyo utalinganisha nafasi mbili tofauti za mbavu na kuziita tiba.

Sasa onyo ambalo nalisisitiza kwa moyo wote. Bouhemad na wenzake mwaka 2011 walipima mapafu kwa ultrasaundi kwenye PEEP 0 na 15, wakakuta inafuata vizuri kurudi kwa hewa, lakini haioni kutanuka kupita kiasi. Eneo lenye alama 0 linaweza kuwa pafu zima, na linaweza kuwa pafu lililovutwa hadi ukingoni. Mistari A inafanana. Mtu anayepandisha PEEP kwa kufuata ultrasaundi pekee ataona mgongoni kunafunguka, afurahi, huku mbele kunajeruhiwa bila yeye kujua.

Ndiyo maana kila alama iende pamoja na shinikizo la msukumo. Ukipandisha PEEP kwa ujazo uleule, alama zikashuka na shinikizo la msukumo likashuka, pafu limefunguka kweli. Alama zikishuka lakini msukumo ukapanda, umefungua upande mmoja kwa gharama ya mwingine. Alama zisipobadilika na msukumo ukapanda, rudi chini. Na presha ya damu ikianguka, rudi chini bila kungoja dakika 15.

Tamaa ya kufungua kila kona ya pafu ina historia chungu. Jaribio la ART la mwaka 2017, lenye wagonjwa 1,010, lilitumia shinikizo kubwa kufungua mapafu na kisha PEEP iliyorekebishwa. Siku ya 28 waliofunguliwa hivyo walikuwa wamekufa asilimia 55.3, na waliopumulishwa kwa kawaida asilimia 49.3.

Hatua ya 6: Siti skani, ukiweza kumfikisha mgonjwa

Siti skani ndiyo kipimo cha kupimia vipimo vingine, kwa sababu kila nukta yake ina namba. Hesabu yake ni nyepesi. Maji ni 0 na hewa ni -1000 kwenye mizani ya Hounsfield. Vokseli, yaani nukta moja ya picha hiyo, yenye -700 ina takriban asilimia 70 gesi na 30 tishu. Eneo la mililita 100 lenye wastani wa -700 lina mililita 70 za gesi na gramu 30 hivi za tishu. Eneo hilohilo likiwa -200 lina mililita 20 za gesi na gramu 80 za tishu, maji na damu. Ukijumlisha pafu zima unapata uzito wake, na uzito huo unaeleza mengi kuhusu kwa nini mgongo unasinyaa: pafu zito hujikandamiza lenyewe.

Mipaka inayotumika ni minne. Kati ya -1000 na -900 pafu limejaa hewa kupita kiasi. Kati ya -900 na -500 lina hewa ya kawaida. Kati ya -500 na -100 lina hewa kidogo. Kati ya -100 na +100 halina hewa.

Safari ya kwenda kwenye skana ni hatari kuliko mionzi. Hesabu oksijeni ya mtungi kwa lita, gawa kwa matumizi ya dakika, kisha hakikisha unayo mara mbili ya muda unaoutarajia. Kumbuka kwamba baadhi ya mashine za safari hutumia gesi hiyohiyo kujiendesha. Ukibadilisha mashine, bana mrija kwa koleo mwishoni mwa kuvuta, unganisha, kisha fungua. Sekunde chache za kuacha mrija wazi zinatosha kulisinyaza pafu ulilolifungua kwa saa nzima, na picha yako itapima kusinyaa huko.

Zungumza na mtaalamu wa mionzi kabla ya kuondoka wodini. Mwombe asiweke dawa ya mshipani ya kung'arisha picha, maana inapandisha namba za Hounsfield na kuharibu hesabu ya uzito. Apige pafu zima, kutoka kileleni hadi chini ya diaframu, kwa dozi ndogo. Siti skani ya kawaida ya kifua ni milisivati 6 hadi 7, na ya dozi ndogo huwa 1 hadi 2. Vipande viwe vyembamba, na kichujio cha kutengeneza picha kiwe laini, kilekile kwa wote. Vipande vinene vya milimita 10 huficha maeneo yaliyotanuka kupita kiasi kwa kuyachanganya na majirani zake.

Piga ya kwanza hewa ikiwa imesimamishwa mwishoni mwa kutoa, kwenye PEEP unayoitumia, na ya pili ikiwa imesimamishwa mwishoni mwa kuvuta. Mtu mmoja abonyeze mashine ya kupumulia, mwingine aseme kwa sauti namba inayosomeka, wa tatu aanzishe skana. Tishu isiyo na hewa kwenye picha ya kwanza, ukitoa ile ya kwenye picha ya pili, ndiyo inayofunguka na kufunga kila pumzi. Kwa eneo la -900 kwenda chini fanya kinyume, toa la picha ya kwanza kwenye la pili, utapata linalotanuka kupita kiasi kila pumzi. Timu ya Gattinoni mwaka 2006 ilipima wagonjwa 68 kwenye sentimita 5, 15 na 45, ikakuta kiasi cha pafu kinachoweza kufunguka kinatofautiana mno kati ya mgonjwa na mgonjwa, wastani ukiwa asilimia 13 tu. Sikushauri kufika 45 nje ya utafiti ulioruhusiwa na wenye watu waliozoea.

Kuchora mipaka ya pafu ndiko kunakokula muda. Programu hukata pafu jema kwa urahisi na kuacha sehemu nzito, kwa kuwa inafanana na misuli ya kifua na maji yaliyo kando yake. Sehemu hiyo nzito ndiyo unayoitafiti. Pitia kila kipande kwa mkono, tenganisha maji ya utando na pafu, uondoe mishipa mikubwa ya katikati.

Hatua ya 7: EIT, kwa walio nayo

Mkanda wenye elektrodi 16 au 32 huzungushwa kifuani, umeme mdogo usiosikika hupitishwa, na kifaa huchora ramani ya mabadiliko ya hewa mara 20 hadi 50 kwa sekunde. Hakuna mionzi, hakuna safari. Usiutumie kwa mgonjwa mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, wala juu ya jeraha bichi.

Mkanda ukae nafasi ya nne hadi ya tano kati ya mbavu. Ukishuka chini ya ya sita, diaframu inaingia kwenye ramani na unapima tumbo. Weka alama ngozini, usiusogeze mpaka umalize. Kisha shuka na PEEP kwa ngazi za sentimita 2, ukikaa dakika chache kila ngazi. Kwa njia ya Costa na wenzake ya mwaka 2009, kila pikseli inapewa kiwango chake bora cha ulaini, yaani wepesi wa kutanuka. Ikipoteza ulaini kwenye PEEP za juu inahesabiwa kuwa imetanuka kupita kiasi, na ikiupoteza kwenye za chini imesinyaa. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo wengi huanzia kuchagua PEEP.

EIT ina jambo moja ambalo vifaa vingine havina. Mgonjwa anapovuta kwa nguvu mwenyewe, inaweza kuonyesha hewa ikihama kutoka mbele kwenda nyuma ya pafu kabla ujazo haujaongezeka. Yoshida na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2013. Plato itaonekana salama, na mgongo wa pafu utakuwa unavutwa. Lakini inaona ukanda mmoja tu wa kifua, na inaona mabadiliko peke yake. Eneo lisilobadilika linaweza kuwa limesinyaa, limejaa, au lina hewa nje ya pafu. Weka ultrasaundi hapo ujue ni lipi.

Yanayofanyika maabara

Kwenye kituo cha sinkrotroni (mtambo wa eksirei kali sana) cha Grenoble, Ufaransa, mionzi yenye nishati iliyochaguliwa karibu na ile ambayo gesi ya ksenoni huanza kuifyonza kwa nguvu hutumika kutenganisha gesi inayovutwa na tishu, na kwa wanyama wadogo watafiti hufuata njia nyembamba za hewa zikifunga na kufunguka. PET, yaani picha inayofuata sukari ya mnururisho mwilini, imetumika kwa wagonjwa pia. Mwaka 2009 Bellani na wenzake walikuta uchochezi mkubwa hata katika maeneo ambayo siti skani ilisema yana hewa ya kawaida. Naitaja kazi hiyo kwa sababu inatukataza kusema "hapa ni pazima" kwa kuangalia hewa tu.

Hatua ya 8: Kuzifanya picha ziwe ushahidi

Video ziondolewe majina, PEEP na tarehe, zichanganywe, kisha zisomwe na watu wawili kila mmoja peke yake. Msomaji akijua PEEP imepanda, ataona kufunguka. Pima makubaliano yao kwa kapa (kipimo cha takwimu cha kulingana kwa wasomaji) kabla ya kuanza utafiti wenyewe, kwa video za mazoezi. Yakiwa duni, fundishaneni kwanza.

Kosa la takwimu linalojirudia ni kuhesabu maeneo kama watu. Wagonjwa 20 wenye maeneo 12 kila mmoja bado ni wagonjwa 20. Maeneo ya kifua kimoja yanafanana, kwa hiyo tumia modeli inayotambua kwamba yametoka kwa mtu mmoja, na umwite mtakwimu siku ya kupanga, usisubiri siku ya kuandika. Kibali kianze mapema: Tanzania ni kupitia kamati ya taasisi yako na NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba), Kenya kamati ya maadili na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi). Mgonjwa aliyelazwa usingizi hawezi kukubali, kwa hiyo ndugu ataulizwa, na yeye mwenyewe aulizwe tena akizinduka.

Na usomaji mbaya una gharama. Jaribio la LIVE la Ufaransa, lililochapishwa mwaka 2019 kwa wagonjwa 400, lilichagua PEEP na mkao kwa kufuata sura ya pafu, kama jeraha liko sehemu moja au limeenea. Kwa jumla vifo havikupungua, lakini asilimia 21 ya wagonjwa walikuwa wamewekwa kundi lisilo lao, na hao, walipopewa mashine isiyolingana na mapafu yao, walifanya vibaya zaidi. Video isiyosomeka iandikwe kuwa haisomeki.

Hatua ya 9: Kifudifudi, na lini uchukue picha

Mgonjwa mwenye ARDS kali, uwiano wa PaO2 (shinikizo la oksijeni kwenye damu ya ateri) kwa oksijeni anayovuta ukiwa chini ya 150 pamoja na oksijeni ya 0.6 au zaidi, alazwe kifudifudi hata kama hujapata picha yoyote. Jaribio la PROSEVA la mwaka 2013 lilikuwa na wagonjwa 466, na vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 16.0 kwa waliolazwa kifudifudi kwa angalau saa 16 mfululizo, dhidi ya 32.8 kwa waliobaki chali. Hakuna alama ya ultrasaundi inayohalalisha kuchelewesha.

Akishageuka, ndipo ultrasaundi inapokuwa na kazi nzuri, kwa kuwa mgongo uliokuwa haufikiki sasa uko juu. Piga maeneo ya mgongoni kabla ya kumgeuza kadiri unavyoweza, saa moja baada ya kumgeuza, mwishoni mwa saa 16, na saa moja baada ya kumrudisha chali. Kila mara andika PEEP, plato na SpO2. Alama za mgongoni zikishuka na kubaki chini hata akiwa chali, mwambie timu. Zikirudi 3 ndani ya saa moja hiyo, panga kumgeuza tena leo hii, na umpe muuguzi wa zamu ya usiku karatasi yako yenye namba zote nne: alama, PEEP, plato na SpO2.